Namna ya Kutazama Maonyesho ya Ufumaji na Mifarishi ya Rangi Nyingi

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika ukumbi uliojaa sweta, shali, blanketi za kufuma na mifarishi ya viraka, yaani matandiko mazito yaliyoungwa kwa vipande vya vitambaa, hupatwa na jambo ambalo wengi hawalitarajii: macho hushiba mapema. Baada ya kuta mbili au tatu rangi huanza kuvurugana, kila kipande huonekana kama kile kilichotangulia, na mtazamaji hujikuta akitembea kwa mwendo wa mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Kosa si la rangi wala si la mtazamaji. Kazi hizi zilitengenezwa kwa miezi, pengine kwa miaka, kitanzi baada ya kitanzi na mshono baada ya mshono. Nyingi zilikusudiwa kukaa peke yake juu ya kitanda au mabegani mwa mtu mmoja, na sasa zimekusanywa mahali pamoja ambapo kila moja inashindana na jirani yake. Kwa hiyo kuzitazama kunahitaji utaratibu. Ule ninaoueleza hapa unahusu kuchagua vipande vichache, kuvitazama kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, na mwishowe, inapowezekana, kuvitazama kwa nyuma.

Hatua ya kwanza: jiandae kabla ya kutoka nyumbani

Soma tangazo la maonyesho ili ujue kama kazi zitakazoonyeshwa ni za kale au za mafundi walio hai, kwa sababu jambo hilo hubadilisha namna utakavyotazama. Kazi za kale huwa nyuma ya kioo au kamba na katika mwanga hafifu. Za mafundi walio hai mara nyingi huwa wazi zaidi, na wenyewe huenda wakawapo siku fulani kuzungumza na wageni. Ukiweza kuchagua siku, chagua ile ambayo fundi atakuwapo, na ukiweza kuchagua saa, chagua ya mapema.

Chukua daftari dogo na penseli. Penseli, si kalamu ya wino, kwa kuwa doa la wino juu ya nguo ni vigumu kuliondoa na makumbusho mengi hukataza kalamu kwa sababu hiyo. Kama unatumia miwani ya kusomea, usiisahau, maana nusu ya kazi iko katika vitu vyenye upana wa milimita mbili. Mkoba mkubwa, mwavuli uliolowa na koti lenye vifungo vilivyochomoza viache mahali pa kuhifadhia mizigo. Zipu moja inaweza kunasa kitanzi cha shali na kuvuta uzi wa safu nzima.

Hatua ya pili: subiri macho yazoee mwanga

Wageni wengi hulalamika kwamba ukumbi una giza. Ni vema kujua sababu, kwa kuwa ukiijua hutakasirika bali utasubiri. Mwanga huvunja rangi na nyuzi zenyewe, uharibifu wake hujumlika siku hadi siku, na hauwezi kurudishwa nyuma. Ndiyo maana makumbusho mengi hayaruhusu mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) juu ya nguo za kale, ilhali mwanga wa mchana nje, hata kivulini, hufika maelfu ya luksi. Mtu anayetoka juani akaingia moja kwa moja mbele ya mfarishi wa miaka 150 ataona kitambaa cheusi chenye madoa. Simama mlangoni, soma maelezo ya utangulizi polepole, kaa kwenye benchi kama lipo. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na rangi zitaanza kujitokeza moja moja.

Hatua ya tatu: zunguka mara moja bila kusoma chochote

Mzunguko wa kwanza usiwe wa kusoma vibao vya maelezo. Tembea ukumbi mzima kwa mwendo wa kawaida, ukiandika katika daftari namba za vipande vilivyokusimamisha bila wewe kukusudia. Visizidi vitano au sita. Andika pia kimoja ambacho hukukipenda kabisa, kwa sababu nitakuomba ukirudie baadaye.

Najua ushauri huu unawasumbua wale waliolipa kiingilio na wanaona ni hasara kupita kipande chochote bila kukitazama kwa haki. Lakini vipande vitano vilivyotazamwa kwa dakika kumi kila kimoja humwachia mtu kitu cha kudumu, wakati vipande themanini vilivyotazamwa kwa nusu dakika humwachia uchovu wa shingo.

Hatua ya nne: rudi nyuma kadiri ukumbi unavyoruhusu

Simama mbele ya kipande chako cha kwanza, kisha rudi nyuma hatua kumi ukiangalia usimgonge mtu. Mfarishi mkubwa una upana wa zaidi ya mita mbili, na mpangilio wake hauonekani kwa mtu aliyesimama karibu nao. Mwaka 1971 jumba la sanaa la Whitney mjini New York lilitundika mifarishi ya Marekani kwenye kuta zake kama inavyotundikwa michoro, na wengi walioitazama kwa umbali huo kwa mara ya kwanza waligundua kwamba vitu vilivyozoeleka kama matandiko vilikuwa na nguvu ileile ya maumbo na rangi waliyokuwa wakiitafuta kwa wachoraji. Walichobadilishiwa ni umbali na mkao, kutoka kitandani hadi ukutani.

Ukiwa hapo mbali, fumba macho nusu mpaka maumbo yafifie. Utakachobaki nacho ni weupe na weusi wa rangi, yaani kiasi cha mwanga kilicho katika kila rangi, na hapo ndipo siri ya mifarishi mingi ilipo. Nyekundu na kijani zinaweza kupigiana kelele zikitazamwa kwa macho wazi, lakini kama zina kiasi kimoja cha mwanga, macho yakifumbwa nusu hugeuka kuwa doa moja na umbo lililokuwa kati yake hutoweka. Fundi mzuri huamua wapi umbo litoweke na wapi lisimame. Kama kupiga picha kunaruhusiwa, piga picha moja kwa simu bila taa ya kamera, uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Utaona jambo hilohilo kwa uwazi zaidi, na mara nyingi utashangaa kwamba rangi uliyodhani ndiyo inayotawala haionekani kabisa.

Hatua ya tano: chunguza ujirani wa rangi

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa moyo wa ziara nzima. Chagua rangi moja ndani ya kipande, hasa rangi nyonge kama kijivu au kahawia hafifu. Kunja kiganja chako kiwe kama bomba jembamba, utazame rangi hiyo peke yake kupitia ndani yake. Kisha ondoa mkono. Kijivu ulichokiona kitabadilika mbele yako: kikiwa kati ya nyuzi za rangi ya chungwa kitaegemea bluu, na kikiwa kati ya zambarau kitaonekana kama kimechanganywa na manjano.

Aliyelieleza jambo hili kwa utaratibu alikuwa mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, ambaye mwaka 1824 alipewa usimamizi wa upakaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, mahali palipofumwa mapazia makubwa ya ukutani. Kulikuwa na malalamiko kwamba uzi mweusi wa karakana ulikosa nguvu ulipotumika kwa vivuli vya bluu na zambarau. Chevreul aliupima, akaukuta hauna kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizopakana nao. Mwaka 1839 alichapisha uchunguzi wake kuhusu jinsi rangi mbili zilizokaribiana zinavyobadilishana mwonekano. Ni vema kukumbuka kwamba elimu hiyo, ambayo wachoraji waliitumia sana baadaye, ilianzia katika shida ya watu wa nyuzi.

Msanii ambaye kazi zake ni darasa zuri la hatua hii ni Kaffe Fassett, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1937 na kuhamia Uingereza mwaka 1964. Alikuwa mchoraji. Katika safari ya Uskoti aliingia kiwanda cha sufu, akaona nyuzi zenye rangi za milima na majani aliyokuwa akiyatazama njiani, akanunua rangi ishirini. Na akiwa ndani ya treni ya kurudi London akafundishwa kufuma na abiria mwenzake. Mwaka 1988 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London lilionyesha kazi zake peke yake. Ukikutana na kazi yake ya kufuma au mfarishi wake, usitafute nyekundu. Tafuta ni nyekundu ngapi. Mahali ambapo fundi mwingine angetumia moja, yeye huweka waridi, damu ya mzee, rangi ya matofali na zambarau iliyoiva bega kwa bega, na eneo zima hutetemeka kwa namna ambayo rangi moja tupu haiwezi.

Sasa rudi kwenye kile kipande ambacho hukukipenda. Tafuta rangi hasa inayokukera, uitazame kwa bomba la mkono, kisha uzitazame jirani zake. Mara nyingi utagundua kwamba rangi yenyewe haina ubaya, na kwamba usichokipenda ni ujirani.

Hatua ya sita: sogea karibu na kazi ya kufuma

Sogea mpaka pale kamba au mlinzi anapokuruhusu, mikono ikiwa nyuma. Usiguse. Jasho na mafuta ya vidole hubaki ndani ya nyuzi hata kama mkono ulikuwa safi, na kitambaa kinachoguswa na watu mia moja kwa siku huchakaa kama kimevaliwa. Maonyesho mengine huweka vipande vya mfano kwa ajili ya kuguswa. Hivyo vishike bila hofu, uvinyooshe, uvigeuze.

Upande wa mbele wa kazi laini ya kufuma kwa sindano mbili una vitanzi vinavyofanana na herufi V zilizopangwa safu juu ya safu, na upande wa nyuma una vinundu kama mawimbi madogo. Kazi ya kroshia, inayofumwa kwa sindano moja yenye ndoana, huwa nene zaidi na kila kifundo hufungwa kabla ya kingine kuanza, hivyo inaweza kwenda upande wowote na kugeuka duara au ua. Ukishazitofautisha hizi mbili, utaanza kuona kile ambacho kila moja hukifanya kwa urahisi na kile ambacho fundi alikipigania.

Mbele ya sweta yenye mapambo ya kisiwa cha Fair Isle, kilicho kati ya Orkney na Shetland kaskazini mwa Uskoti, fanya zoezi hili: weka jicho kwenye safu moja tu ya vitanzi, ulipeleke kutoka kushoto kwenda kulia, ukihesabu rangi. Utapata mbili. Sweta inayoonekana kuwa na rangi kumi imejengwa kwa safu ambazo kila moja ina rangi mbili pekee, na utajiri wake unatokana na kubadilisha rangi ya pambo na rangi ya mandhari kadiri safu zinavyopanda, mara nyingi si kwa wakati mmoja. Uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi ukisubiri zamu yake. Kwa sababu uzi mrefu ulio huru nyuma hunasa vidole, mapambo hayo hupangwa kwa vipande vidogo vidogo, na kwa sababu kuna nyuzi mbili badala ya moja, nguo huwa nzito na yenye joto.

Iko njia nyingine, ambapo kila eneo la rangi lina uzi wake wenyewe na hakuna uzi unaopita nyuma. Nyuzi mbili zinapokutana mpakani husokotwa mara moja ili pasibaki tundu. Njia hii ndiyo humwezesha fundi kufuma ua kubwa, uso wa mtu au mandhari, na mbele ya kazi ya namna hiyo ni vema kufikiria meza yake: vijidonge ishirini au thelathini vya uzi vikining'inia kwa pamoja, na kazi yote ikisimama kila mara vinapojifunga fundo.

Usishangae ukikuta sweta na shali zimelazwa au kuvalishwa kiwiliwili kilichojazwa pamba. Kitambaa cha vitanzi kikitundikwa hurefuka kwa uzito wake chenyewe.

Hatua ya saba: sogea karibu na mfarishi

Mfarishi una tabaka tatu: uso wa juu, ujazo wa pamba au sufu katikati, na bitana chini. Mishono inayopenya tabaka zote tatu ndiyo huufanya uwe mfarishi, na ndiyo ambayo watazamaji wengi huisahau kwa sababu rangi imewateka. Inama kidogo ili uso wa nguo uutazame kwa ubavu. Mwanga ukipita kando utaona vilima na mabonde, na mara nyingi utaona mchoro wa pili kabisa, wa manyoya, mizabibu au mawimbi, usiofuata mipaka ya viraka. Mshono wa mkono huonekana kama nukta zenye nafasi kati yake. Mshono wa cherehani ni mstari usiokatika. Washonaji wengi wa mkono huhesabu mishono 8 hadi 12 kwa inchi moja kuwa kazi nzuri. Hesabu inchi moja, kisha ukadirie mita zilizobaki.

Tofautisha pia viraka vilivyoungwa ukingo kwa ukingo na vile vilivyokatwa kwa umbo na kubandikwa juu ya kitambaa kingine. Kubandika hufaa kusimulia. Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1837, alibandika watu, wanyama, nyota na jua katika miraba ya mifarishi miwili inayojulikana hadi leo, mmoja ukiwa katika makumbusho ya Smithsonian na mwingine katika makumbusho ya sanaa ya Boston. Kuitazama ni kusoma: anza mraba wa juu kushoto, na usihame mpaka umejua nani anafanya nini.

Kwa mifarishi ya Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto Alabama, Marekani, ambayo ilianza kuonyeshwa Houston na New York mwaka 2002, ushauri ni kinyume: usitafute hadithi, tafuta nguo. Wanawake wa pale walitumia suruali na mashati ya kazi yaliyochakaa. Utaona bluu iliyopauka magotini, na katikati ya mpauko huo mraba wenye rangi iliyokolea, mahali ambapo mfuko ulibanduliwa na kitambaa chini yake hakikuwahi kuonja jua. Fundi hakuuficha, aliuweka mahali ambapo rangi hiyo ilihitajika. Nimeona watu wakipita mbele ya picha za mifarishi hiyo wakisema ni rahisi, na ninaamini wangesimama dakika tatu wangeacha kusema hivyo.

Tazama na uchakavu. Katika mifarishi ya karne ya 19, viraka vya kahawia na vyeusi mara nyingi vimeoza na kubaki tundu huku jirani zake ni vizima, kwa kuwa rangi hizo zilikazwa kwa chumvi za chuma zinazokula nyuzi taratibu. Hariri ya mwisho wa karne hiyo nayo hupasuka mistari mistari, maana watengenezaji waliiongezea uzito kwa chumvi za madini. Zambarau kali inayong'aa ni dalili ya wakati: rangi ya kwanza ya namna hiyo iliyotengenezwa kiwandani ilitokana na jaribio la kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, mjini London mwaka 1856.

Hatua ya nane: omba kuona upande wa nyuma

Katika maonyesho mengi ya washonaji kuna wasaidizi waliovaa glavu nyeupe, na kazi yao ni kuinua pembe ya mfarishi ili mgeni aone nyuma. Waombe kwa adabu, usiinue mwenyewe. Nyuma ya kazi ya kufuma utaona nyuzi zinazosafiri na ncha zilizofichwa. Nyuma ya mfarishi utaona mishono ikiwa peke yake, bila rangi za kuipotosha, na wakati mwingine jina la fundi, mwaka na jina la aliyetengenezewa. Mafundi husema ukweli wao nyuma.

Akiwapo fundi mwenyewe, usianze na swali la muda aliotumia, kwa kuwa huulizwa hilo kutwa nzima. Muulize ni rangi gani aliyoitoa, au ni sehemu gani aliyoifumua na kuianza upya. Maswali haya humfungua mtu. Kabla ya kupiga picha ya kazi yake omba ruhusa, hata pale ambapo ukumbi umeruhusu, na usiipige kwa nia ya kuinakili mshono kwa mshono.

Hatua ya tisa: fanya jambo moja siku hiyohiyo

Kabla ya kulala, fungua daftari na uchague rangi tatu ulizoziona zikiwa bega kwa bega katika kipande kimoja, hasa kama moja kati yake ni ile uliyokuwa ukiichukia. Tafuta vitambaa chakavu au mabaki ya nyuzi yanayozikaribia. Hayahitaji kufanana kabisa. Yapange mezani, ubadilishe kiasi cha kila rangi, fumba macho nusu, uongeze ya nne iliyo karibu sana na mojawapo. Usikate wala usifume usiku huo, kwa sababu taa ya ndani hudanganya macho kuhusu bluu na kijani. Yaache yalivyo, na asubuhi uyasogeze karibu na dirisha uyatazame tena kabla ya kushika mkasi.